Kiti cha Katikati ya Treni

Mimi Kasyoki sijawahi kuogopa mlima. Nimezaliwa Kilungu, nimezeekea Kilungu, na huku kwetu hata kuku anapanda ndipo afike kwenye maji. Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba siku ile Mukuyuni nilitetemeka kwa sababu ya urefu wa ile treni yao. Nilitetemeka, sikatai. Lakini haikuwa treni.

Maneno yalinifikia kanisani, tukiosha sufuria baada ya harusi ya watu wengine. Ndeti, ambaye akijua jambo hawezi kulala nalo, akanisogelea na kusema, "Kasyoki, nasikia mkwe wako ataoa." Nilisugua ile sufuria mpaka ikabaki kidogo itoboke.

Mkwe mwenyewe ni Kisilu, wa huko chini Mukuyuni. Alimuoa Mwongeli wangu, binti yangu wa pekee, na Mwongeli akaugua na kufariki, mwaka wa nne sasa. Aliacha msichana mmoja, Mbithe. Kila shule ikifungwa, Kisilu hunipandishia Mbithe mlimani na mfuko wa nguo zilizofuliwa na kukunjwa vibaya, na mtoto anakaa nami mpaka shule ifunguliwe. Analala kitanda changu. Anacheka kama mama yake, kwa pua. Hao wawili ndio niliobaki nao wa Mwongeli, na sasa naambiwa kuna mke anakuja. Nimeona mambo haya kwa wenzangu. Mke mpya anakuja na mama yake, mtoto anapata susu mwingine, yaani nyanya, halafu wewe wa zamani ukipiga simu unaambiwa mtoto ana shughuli. Hicho ndicho nilichoogopa, na nakwambia wazi.

Utaniuliza, si ungemuuliza tu Kisilu? Woi! Ningemuuliza vipi? Sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima ya mkwe. Mwanaume hamshiki mkono mama ya mke wake. Hakai karibu naye, hamkazii macho, na wakikutana njiani mmoja atageuka aangalie miti. Najua siku hizi wengine wanakumbatiana na wakwe zao kama wachezaji wa mpira wakifunga bao. Sisi hapana. Mimi na Kisilu miaka yote hiyo tumeongea kupitia kwa Mbithe. "Mbithe, mwambie susu wako chai iko tayari." "Mbithe, mwambie baba yako nimeshukuru." Mtoto anasimama katikati na kurudia kila neno, na sisi tunajifanya hatujasikia mara ya kwanza. Sasa jambo kama hilo la ndoa utalipitishaje kwenye mdomo wa mtoto wa miaka tisa?

Nikakaa nalo rohoni. Kisha simu ikalia, ni Mbithe.

"Susu! Mashine za kuchezea zimekuja Mukuyuni! Kuna rola kosta! Baba anasema uje Jumamosi."

Nyuma yake nikamsikia Kisilu akinong'ona, "Mwambie ni muhimu." Akangoja kidogo. "Mwambie pia asibebe mizigo."

Nilibeba. Parachichi na matomoko, kikapu kimejaa mpaka juu. Siwezi kushuka kwenda kwa watu mikono mitupu eti kwa sababu wanataka kunivunja moyo.

Nilimkuta Mbithe anarukaruka kando ya uwanja, baba yake amesimama upande wake mwingine, anaangalia jenereta kana kwamba ataulizwa habari zake. Amekonda, nikaona. Shati limepigwa pasi mbele tu.

"Mbithe, msalimie susu wako," akasema.

"Mbithe, mwambie baba yako sijambo, na kwamba mtu akikonda hivyo watu watadhani hapewi chakula."

"Baba, susu anasema—"

"Nimesikia," akasema Kisilu, halafu akakumbuka, akaangalia tena jenereta.

Basi tukaenda kwenye hiyo rola kosta. Watoto ndio waliiita hivyo. Sisi wakubwa tuliiita treni ya wazimu. Ilikuwa ni reli ya chuma iliyopanda, ikashuka, ikajikunja, ikapanda tena, na mabehewa madogo yenye viti viwili viwili. Ukiwa mbali unaiona ndogo. Ukiwa chini yake, na watu wanapiga mayowe juu ya kichwa chako, ni habari nyingine.

Mwenye kuiendesha alikuwa mwanamke wa makamo anayeitwa Nasteho, buibui jeusi na raba za kukimbilia. Alituambia ndugu zake wanauza ng'ombe huko Garissa, lakini yeye aliona mashine haihitaji nyasi. Nikampenda hapo hapo. Lakini kumpenda mtu si kumpa mjukuu wako amrushe hewani, kwa hivyo nikamshika kwa maswali.

"Kiti gani hakina fujo?"

"Mama, zote ni salama."

"Sijauliza salama. Nimeuliza ni kipi kina upole."

Akacheka. "Ya mbele, unaona kila kitu inakuja, macho yako ndio itakumaliza. Ya nyuma inavutwa na wenzake ikifika kule juu, inakurusha kama gunia. Ya katikati ndio pole. Mimi nikipanda na mama yangu, nakaa hapo."

Sikumwamini hivi hivi. Nilisimama nikaangalia treni ikizunguka mzunguko mzima, nikiangalia vichwa vya watu. Kweli, wa nyuma walikuwa wakiruka kutoka kwenye viti, wa mbele wamefumba macho, na wa katikati, mama mmoja na mtoto wake, wanayumba tu kama walio kwenye mkokoteni. Nikageuka nimwambie Mbithe kiti chetu ni kile, nikamwona Kisilu naye anaangalia mahali pale pale, midomo inatembea, kidole kimenyooka. Alikuwa amemchagulia mtoto kiti hicho hicho. Hilo lilinilainisha kidogo, na sikutaka kulainika.

"Mbithe," akasema, "mwambie susu wako mkae nyinyi wawili pale katikati. Mimi nitashika kikapu."

"Baba anaogopa!" Mbithe akapiga kelele, uwanja mzima ukasikia.

Ni kweli, na ni ajabu. Kazi ya Kisilu ni kuchimba visima. Anashuka kwenye shimo mahali jua la mchana halifiki, na ukiinama pale juu utamsikia huko chini anaimba nyimbo za kanisa. Lakini mpandishe kwenye kiti abadilishe balbu, uone anavyoshika ukuta.

Tungefanya alivyosema, na mambo yangekuwa sawa. Lakini Nasteho akampima Mbithe kwenye mti wenye alama za kimo na kusema kimo kimefika, anaweza kukaa bila mtu mzima. Na hapo hapo Mbithe akamwona rafiki yake wa darasani, Ndululu, amekaa kiti cha mbele kabisa peke yake. Kabla sijafungua mdomo, alikuwa ameshapanda kule, mshipi umefungwa, anatupungia mkono.

"Mbithe! Rudi hapa!" nikaita.

Hakuna aliyerudi. Basi nikasema moyoni, huyu mtoto haendi kule juu bila mtu wake ndani ya treni. Nikapanda kiti cha katikati na kikapu changu. Kisilu naye nadhani aliwaza hivyo hivyo, maana nilimwona anameza mate na kwenda upande wa nyuma, kwenye kile kiti kibaya cha kurusha watu kama gunia. Mtu anayeogopa ngazi! Alikuwa tayari arushwe kuliko anivunjie heshima. Lakini vijana kutoka Kikima walikuwa wamejaza nyuma yote. Palikuwa pamebaki mahali pamoja tu, karibu na mimi.

"Mimi nitabaki," akasema, akiambia hewa.

"Mzee, foleni ni refu, treni haiendi na kiti tupu!" Nasteho akamwambia. "Panda, kaa na mama."

"Baba! Panda!" Mbithe akalia kutoka mbele. "Baba, tafadhali!"

Akapanda. Nikaweka kikapu katikati yetu, yeye akajibana upande wake na mimi wangu, na matomoko yamekaa pale kati kama mzee wa kanisa. Nasteho akaja, akachukua kikapu. "Mama, mizigo hapana." Akashusha chuma kimoja juu ya mapaja yetu sote wawili. Taka usitake, tulikuwa tumefungwa pamoja, bega kwa bega, na mtoto wetu wa kusemea yuko mbele kabisa, hasikii kitu. Kiti cha upole! Sijakaa mahali pagumu kama pale tangu nizaliwe.

Treni ikaanza kupanda polepole, ikigonga tak, tak, tak. Nilikuwa naangalia paa za Mukuyuni. Kisilu alikuwa amefumba macho, ameshika kile chuma kwa mikono miwili.

"Mbithe," akasema.

Mbithe hakuwepo. Nywele zake ndizo nilizoziona kule mbele.

"Mbithe, mwambie susu wako nilitaka kumwambia tukiwa tumekaa chini, anakunywa soda, na wewe umeenda kucheza. Sasa imekuwa hapa."

Moyo wangu ukaanza kwenda mbio kabla ya treni. "Mbithe," nikasema, "mwambie baba yako aseme. Susu anasikia."

"Mwambie kuna mtu. Anaitwa Kathini. Anafundisha nasari kule Kikima. Ni mtu mzuri, na anakupenda, Mbithe, na wewe unajua." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, sijui kama ni kwa urefu au kwa maneno. "Mwambie sijamsahau Mwongeli. Mwambie tafadhali aniamini hilo hata kama haamini mengine."

Ndeti hakuwa amesema uongo, basi. Nilidhani nitakasirika. Badala yake nikajisikia nikiuliza, kwa sauti ndogo isiyo yangu, "Mbithe, muulize baba yako, sasa mimi nitakuwa nani?"

Tulikuwa tumefika juu. Akafungua mdomo ajibu, na treni ikaanguka.

Haki ya Mungu, sijui niseme nini kuhusu kushuka kule. Tumbo lilibaki juu na mimi nikaenda. Watu wote walipiga mayowe, na yowe la Kisilu lilikuwa kubwa kuliko ya watoto. Hapo ndipo nilipomshika mkono. Nilimshika mimi. Akikwambia mtu kwamba ni yeye aliyeanza, amekudanganya. Niliona mtoto wa watu anakufa kwa woga karibu na mimi, na mkono wangu haukungoja kuuliza nthoni inasemaje. Nikaushika ule mkono wake wa kuchimba, mgumu na wenye jasho, nikaubana, na yeye akaubana wangu.

Kona ikaja, mlima mdogo ukaja, nikadhani tumemaliza. Kumbe inazunguka mara ya pili. Ikaanza tena kupanda, tak, tak. Sote tulikuwa tunahema. Mkono wake hakuutoa, na wangu sikuutoa.

Kisha Kisilu akafungua macho, akageuza shingo na kuniangalia usoni. Tangu alipotoka na Mwongeli kwangu sikuwahi kuona macho yake vizuri. Yana rangi ya chai ya rangi. Hakumwita Mbithe.

"Wazee wa Kathini kule Kikima wameniuliza nitakuja na mama gani," akasema. "Ntheo haipelekwi na mwanaume peke yake, unajua. Wale mbuzi wa kuombea mke lazima wafike na mama ya bwana harusi. Mimi mama yangu alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni, hata sura yake siijui. Nimetafuta nitamwambia nani. Sina mama mwingine. Ni wewe."

Niliona kama amenimwagia maji baridi. "Mimi? Niende Kikima nikakuombee mke? Mimi mama ya Mwongeli?"

"Ndiyo."

"Kisilu, huna haya."

"Sina," akasema. "Nilikuwa nayo, ndiyo maana imechukua muda hivi."

Ningemwambia mambo siku hiyo! Nilikuwa nimeshayapanga mdomoni. Lakini yeye akaendelea, polepole, kama mtu anayeteremsha ndoo asiimwage.

"Ukinipeleka Kikima umekuwa mama yangu. Mama si mkwe. Nthoni inaisha. Mama haombi ruhusa ya kuingia kwa mwanawe, anaingia tu." Akameza mate. "Nimekuona ukipita barabarani kwangu siku za soko. Ukifika pale kwenye ua unapunguza mwendo. Unasimama kama mtu anayetoa jiwe kwenye kiatu. Nimekuona mara nyingi, na sikujua nifanye nini."

Mungu wangu. Nilidhani hakuna anayejua.

Mwongeli amezikwa kwa Kisilu, nyuma ya nyumba. Ndipo mahali pake. Ntheo yake ililetwa Kilungu, nikaipokea kwa mikono yangu, na mke huzikwa kwa mume. Lakini mama mkwe haingii kwenye boma la mkwe wake anavyotaka. Anaenda akialikwa, anaenda na watu, anapewa kiti sebuleni, anakula na kuondoka. Hazunguki nyuma ya nyumba. Tangu tulipomfunika udongo Mwongeli sikuwahi kusimama tena pale alipo. Miaka yote hiyo nimekuwa nikipita barabarani na kutoa jiwe ambalo halipo kwenye kiatu, ili nione juu ya ua kipande cha msalaba.

Treni ikaanguka mara ya pili. Sikuisikia. Nilikuwa nalia, nalia wazi, mdomo wazi, na kwa sababu kila mtu alikuwa anapiga kelele hakuna aliyegeuka.

Tulipofika chini Nasteho akainua chuma na kuniangalia. "Pole mama. Lakini hiyo ndio kiti ya pole, haki."

"Sina neno na kiti chako," nikamwambia. "Nipe kikapu changu."

Mbithe akaja mbio, macho yanang'aa, akasimama katikati yetu kama kawaida yake, tayari kutumwa. Akamwangalia baba yake, akaniangalia mimi. "Susu, umeogopa? Nimwambie baba nini?"

"Usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe," nikasema. Nikamgeukia Kisilu. "Habari ya Kikima sitakujibu hapa kwenye vumbi la watu. Twende kwako kwanza."

Tulitembea, si mbali. Mbithe mbele, akituhadithia treni tuliyopanda naye kana kwamba hatukuwepo. Tulipofika kwenye ua Kisilu akafungua lango na kusimama kando, na mimi nikabaki barabarani. Mazoea ni mazoea. Nikapiga moyo konde, nikaingia bila kubisha. Sikusimama mlangoni pa nyumba, sikungoja kukaribishwa. Nilizunguka moja kwa moja mpaka nyuma.

Palikuwa pamefagiliwa. Hapakuwa na gugu hata moja. Alikuwa amepanda maua ya njano kuzunguka udongo, na amejenga ukingo wa mawe, yale mawe anayotoa visimani, moja moja, yamepangwa vizuri kuliko ukuta wa nyumba yake. Nikakaa chini pale pale na nguo yangu ya Jumapili.

Nilikaa na mtoto wangu. Pasita wetu asisikie, lakini niliongea naye. Nilimwambia Mbithe amekuwa mrefu, amepimwa leo. Nilimwambia kuna msichana anaitwa Kathini, anafundisha watoto wadogo, simjui lakini nitaenda kumwangalia, na akiwa na mdomo mbaya nitamnyoosha. Nikamwambia mume wake amekonda na anapiga shati pasi mbele tu, na mtu hawezi kuachwa aishi hivyo. Nililia, nikajifuta na leso, nikalia tena. Nilikuwa na miaka yangu ya kumaliza. Kisilu hakuja. Alimchukua Mbithe, wakaingia ndani, wakaniachia.

Nilipomaliza nikainuka, nikajipangusa udongo, nikaita kwa sauti yangu yote, ile ninayoitia watu kutoka mlima mwingine.

"Kisilu! Hao mbuzi wa Kikima umenunua, ama unataka nikuchagulie?"

Kisha nikamsikia, kupitia dirishani, mwanaume mzima analia kama mtoto, na Mbithe anamuuliza, "Baba, ni nini? Baba, susu amekugombeza?"

"Bado, mama," akasema mwishowe. "Sijanunua. Nilikuwa nakungoja wewe."